Nyota ya Wino Niliyomtilia Rafiki Yangu

Ni mimi niliyeitia ile nukta! Haikuwa vumbi, haikuwa kasoro ya filamu, wala haikuwa bahati mbaya. Ni mkono huu huu ninaoandikia sasa. Na niliitia nikiwa na akili zangu timamu, tena nikitabasamu.

Nisomeni polepole, maana nami naandika polepole. Shule yangu iliishia darasa la nane. Halafu nina kigugumizi tangu utotoni. Mbele ya watu ulimi wangu hukaza kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua. Haya ningeyasema kwa mdomo tusingefika mwisho. Acheni niyaandike, na majina niyabadilishe.

Nakaa mtaa wa Jericho, hapa jijini. Huyo mwenzangu nitamwita Wafula. Mlango wao na wetu inatazamana na mfereji wa maji ni mmoja. Wao ni watu wa magharibi mwa nchi, baba yao alikuwa akifanya kazi kiwandani. Sisi ni Wakamba, na baba yangu huchonga twiga na vifaru kwenye karakana moja huko Pumwani.

Tulipokuwa wadogo, Wafula alikuwa mdomo wangu. Mama akinituma dukani nilikuwa nasimama mbele ya ule wavu wa dirisha la duka nimeshika chupa, neno "mafuta" limenikwama kooni, watu nyuma yangu wakipiga miluzi. Wafula akiwa karibu alikuwa anapenya mpaka mbele.

"Anataka mafuta ya taa na chumvi! Mpe haraka, mathe wake anangoja!"

Hakucheka. Miaka yote hiyo hakuwahi kunicheka. Hilo mlishike, kwa sababu ndilo lililoniuma kuliko yote.

Tulipomaliza shule ya msingi yeye aliendelea, akafika hadi chuo kikuu. Akaanza kusoma mambo ya nyota. Mimi nikapata kazi kwenye studio ya picha ya Mzee Nzioki, hapo madukani.

Kazi yangu ni kupigana na vumbi. Chembe ya vumbi ikikaa juu ya filamu, kwenye karatasi linatoka doa jeupe, na mara nyingi linachagua kukaa kwenye pua ya bibi harusi. Mimi huchukua brashi nyembamba kuliko kijiti cha kibiriti, nikaichovya kwenye wino, nikalizima lile doa mpaka mwenye picha asijue lilikuwepo. Filamu yenyewe ikiwa na tundu, naziba tundu kwa nukta ya wino. Ulimi wangu hutetemeka, lakini mkono hautetemeki. Huo nimerithi kwa baba.

Sasa, mwaka ule chuo kikuu kilifungwa baada ya wanafunzi kupambana na polisi. Wafula akarudi nyumbani na boksi la karatasi na filamu kubwa kubwa. Siku ya pili yake akaja studio.

"Niaje, fundi?"

"P-poa."

"Manze, nina kazi. Maabara yetu imefungwa kufuli na mwalimu wangu anataka picha. Mtanisaidia?"

Mzee Nzioki akamkubalia, akaniambia nimhudumie. Hivyo ndivyo nilivyoanza kutoa picha za mbingu.

Wafula alinieleza kwa utaratibu, kama zamani. Alikuwa na kipande kimoja tu cha mbingu, lakini kilikuwa kimepigwa mara tatu. Mara ya kwanza kwa mwanga wa kawaida, huu tunaoona kwa macho. Mara ya pili kwa mawimbi ya redio, kwa yale madishi makubwa ya huko ng'ambo. Mara ya tatu kwa eksirei, kwa chombo kinachozunguka juu ya dunia. Watu wa ng'ambo walikuwa wanapiga mbingu yote namna hiyo, sehemu kwa sehemu, kisha wanalinganisha.

"Nyota ya kawaida haina redio ya maana," aliniambia. "Ukiona nukta imekaa kama nyota, lakini redio inaisikia na eksirei inaiona, hiyo si nyota. Hiyo ni kwasa. Ni moyo wa galaksi nzima, mabilioni ya nyota, iko mbali mpaka mwanga wake umeanza safari kabla ya huu udongo wa Jericho kuwepo."

Nilipenda! Kweli nilipenda. Alichora redio na eksirei kwenye karatasi angavu, ile ya plastiki unayoona kilicho chini yake, duara jekundu na duara la bluu. Pembeni aliweka alama za msalaba juu ya nyota kubwa nne. Ukiilaza ile karatasi juu ya picha yangu na misalaba ikakaa sawa juu ya nyota zake, yale maduara yanaangukia juu ya kitu chenyewe. Mimi ndiye niliyekuza picha mpaka vipimo vikalingana. Kazi hiyo inataka subira, na subira ninayo.

Akili ya Wafula haitulii. Akasema tuwaonyeshe watu wa mtaa. Akaomba ukumbi wa jamii Jumapili mchana, watu wakitoka kanisani. Mimi nikagandisha picha kwenye kadibodi.

"Nawe utasema kidogo," aliniambia. "Sentensi moja tu. 'Hii si nyota, ni kwasa.' Nitasimama karibu nawe."

"S-siwezi."

"Utaweza. Si niko hapo?"

Nikaifanyia mazoezi ile sentensi ndani ya chumba cha giza, peke yangu na ile taa nyekundu. Humo niliisema vizuri kabisa.

Jumapili ukumbi ulijaa. Watoto, akina mama na kanga zao za kanisani, vijana waliofuata soda. Nekesa, dada yake Wafula, alikaa safu ya mbele. Huyo Nekesa sitasema mengi. Nilikuwa nikiteka maji kwenye mfereji hata kama ndoo yetu imejaa, ili nimwone. Mengine mtajaza wenyewe.

Wafula aliongea, watu wakapiga makofi. Kisha akaniita. Nikasimama, nikanyoosha kidole kwenye picha.

"Hi-hii si nyota. Ni kwa... kwa... kwa..."

Neno likagoma. Watoto wakaanza kukohoa cheko. Nikamgeukia Wafula, nikingoja apenye mbele kama alivyokuwa akipenya dukani. Alikuwa karibu nami, kama alivyoahidi. Akaniangalia. Akawaangalia watu. Nikaona anafurahia vile wanavyomtazama.

"Kwa-kwa-kwasa!" akasema. "Jameni, msimsumbue. Huyu ni fundi wa kuosha picha tu. Mambo ya kuongea tuwaachie waliokwenda shule!"

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Hata Nekesa alicheka, mkono mdomoni.

Jioni alinifuata nyumbani. "Manze, ulikuwa utani tu. Watu walikuwa wanaanza kuchoka. Usiweke moyoni."

Nikaweka moyoni! Nikaweka mahali pa ndani kabisa nikafunga.

Kesho yake mtoto wa jirani, hata meno ya mbele hana, akanipita mferejini akiita, "Kwa-kwa-kwasa!" Wiki haikuisha, jina likawa langu. Makondakta walinijua kwa jina hilo. Mama wa kuuza mboga za sukuma alinijua kwa jina hilo. Wateja walikuwa wanaingia studio wakiuliza, "Kwasa yupo?" Walikuwa hawajui hata maana yake, lakini kigugumizi waliweza kukiigiza!

Kila aliyeniita hivyo, sikumchukia yeye. Nilimchukia Wafula. Nilikuwa nakata karatasi za picha na kisu kile kirefu nikimfikiria. Nilijiambia: siku yako itafika, na haitafika kwa maneno, kwa sababu maneno umeninyang'anya.

Ikafika.

Katika kile kipande cha mbingu kulikuwa na maduara kadhaa, na karibu yote yaliangukia vitu vinavyojulikana, vyenye majina kwenye vitabu vya wazungu. Duara moja tu halikuwa na jina. Redio ilisikia kitu pale, eksirei iliona kitu pale, lakini picha ya mwanga waliyokuwa nayo ilikuwa hafifu, haikuonyesha vizuri. Mwalimu wake akaandika ng'ambo, ikatumwa filamu nyingine, nzuri zaidi. Siku ilipofika, Wafula alikuja nayo studio mbio, ameikumbatia kama mtoto mchanga.

"Fundi, imekuja! Na mgeni wa ng'ambo anakuja wiki ijayo. Anataka mwanafunzi mmoja wa kwenda kusomea kwao. Mwalimu amesema ni mimi, kama pale kwenye duara pana kitu."

"Na k-kama hapana?"

"Basi nitakuwa sina jipya la kumwonyesha. Atachukua mwingine." Akanishika bega. "Sikiza. Kwenye filamu hii kila nukta nyeusi ni nyota, si vumbi. Usiguse hata moja! Ukizima moja umezima jua la watu."

Akacheka. Mimi pia nikacheka.

Mzee Nzioki alikuwa amekwenda Ukambani kwenye matanga. Studio ilikuwa yangu. Nikafunga mlango wa chumba cha giza, nikatoa picha ya kwanza, nikaianika, kisha nikailazia ile karatasi angavu. Misalaba ikakaa juu ya nyota zake. Nikatazama ndani ya lile duara.

Patupu. Hapakuwa na kitu. Weusi mtupu kama ndani ya sufuria.

Najua mnadhani nilimhurumia. Nilifurahi! Lakini furaha yenyewe ilikuwa ndogo, ikanikera kwa udogo wake. Wafula angesikitika siku mbili tatu, kisha angepata jingine la kusimulia, kwa sababu watu kama yeye hawakosi la kusimulia. Nilitaka apande juu kwanza. Nilitaka asimame mbele ya watu, wamtazame, halafu neno limkwame.

Nikachukua brashi. Nikairudisha filamu kwenye meza ya mwanga, nikatafuta mahali penyewe kwa lenzi, nikatia nukta moja ya wino. Ndogo. Safi. Ikakaa kama nyota iliyozaliwa pale.

Nilijua wazi nilichokuwa nafanya. Mzee Nzioki alinifundisha siku za kwanza kabisa: nukta iliyopigwa na mwanga, ukiitazama kwa lenzi kali, imeundwa na punje punje, na ukingo wake unafifia. Nukta ya wino haina punje na ukingo wake ni mkali. Wafula hakujua hayo. Lakini mgeni aliyetumia maisha yake akichungulia filamu angejua mara moja. Ule ulikuwa mtego, na mimi ndiye niliyeutega.

Nikatoa picha mpya. Cheusi cha filamu hutoka cheupe kwenye karatasi, na pale kwenye duara sasa palikuwa na nukta nyeupe, nzuri kuliko zote.

Wafula alipoilaza karatasi yake juu, aliinama karibu na ile nukta. Kisha akaruka, akanikumbatia mpaka nikagonga beseni la dawa.

"Ipo! Ipo, beste! Unaiona? Hakuna mtu duniani amewahi kuiona ila wewe na mimi!"

Alitangaza mlango kwa mlango. Mama yake akachinja kuku. Nikaitwa, nikaenda, nikala. Nekesa mwenyewe aliniwekea paja sahanini, akasema, "Kula, wewe ndiye uliyemtolea picha." Nikala lile paja mpaka mfupa ukawa mweupe! Nilikuwa nikimtazama Wafula akicheka na wajomba zake, nikijisemea ndani: cheka, cheka sana.

Mgeni akaja. Mimi sikuwepo, lakini Wafula alinisimulia kila kitu, kwa sababu mtu wa kwanza aliyemkimbilia ni mimi.

Alikuja studio asubuhi, shati limechomoka, ameshika bahasha ya filamu. Kulikuwa na mzee mmoja kwenye benchi akingoja picha za kitambulisho. Wafula hakumwona.

"Wanasema nimeghushi," alisema.

Mgeni aliitazama picha, akafurahi, akaomba filamu yenyewe. Akaweka lenzi yake juu ya nukta, huko nyumbani kwa mwalimu, mbele ya mwalimu mwenyewe na wanafunzi wenzake Wafula. Akatazama muda mrefu. Kisha akasema kwa upole kwamba huo ni wino, akamuuliza Wafula kama ana la kusema. Wafula akafungua mdomo, pasitoke neno.

Pasitoke neno! Niliyoyaomba yote yalikuwa yamepatikana. Nilishika ukingo wa kaunta ili nisitabasamu.

"Lakini ngoja nikwambie kinachoniua," akaendelea. "Mgeni amesema kama mahali pale pangeonekana patupu kweli, angenichukua siku hiyo hiyo."

Sikuelewa. "P-patupu?"

"Patupu! Ndicho anachotafuta! Ni kama nyumba ya hapa mtaani, pazia limefungwa na taa haiwaki. Ukipita unadhani hakuna mtu. Lakini redio inasikika, na ukigusa ukuta una joto la jiko. Mtu yupo! Amesema zile zenye taa wanazo tele. Zile za giza ndizo hawana. Pengine kitu chenyewe kimezungukwa na vumbi linalozuia mwanga, au kiko mbali mno mpaka mwanga wake umevutika ukawa joto tu. Sasa wana darubini za kuona joto, na wanatafuta mahali pa kuzielekeza. Mimi nilikuwa napo! Nilikuwa napo mkononi, na kuna mtu ameniwekea taa ya uongo dirishani."

Yule mzee wa kitambulisho akaguna, "Pole, kijana," bila kuelewa hata kidogo.

Pale nilipoona patupu nikadhani hapana kitu, maana katika kazi yangu patupu ni pa kuzibwa. Palikuwa na maisha yake yote.

Akashika mkono wangu. "Mwalimu bado ananiamini kidogo. Amesema mgeni anaondoka Ijumaa. Kabla ya hapo nimlete aliyeishika filamu aseme jinsi wino ulivyoingia. Njoo useme. Sema ilikuwa bahati mbaya, sema brashi ilianguka, hakuna atakayekufanya kitu. Ni dakika moja tu. Nitasimama karibu nawe."

Nitasimama karibu nawe! Angesema maneno mengine yoyote, pengine ningekwenda. Lakini hayo yalikuwa yale yale. Nikausikia ukumbi mzima ukicheka upya.

Na ajabu ni kwamba safari hii ulimi wangu haukukwama hata mara moja. Maneno yalitoka laini kama sabuni.

"Mimi ni fundi wa kuosha picha tu," nikamwambia. "Mambo ya kuongea tuwaachie waliokwenda shule."

Akanitazama. Akauachia mkono wangu.

"Kumbe hiyo kitu bado unayo," akasema taratibu. "Nilikosea. Nilijua siku ile ile nimekosea, nikaona haya kurudi kwako. Pole, ndugu yangu. Kusanya mtaa mzima nikuombe msamaha mbele yao, hata leo. Lakini Ijumaa nifae."

Ndugu zangu, mtu alikuwa ananipa kila nilichotaka. Msamaha, tena mbele ya watu! Na mimi nikasema nini?

"Tafuta mdomo mwingine."

Siku iliyofuata alikuja Nekesa. Hakuingia, alisimama mlangoni na ndoo yake.

"Wafula hali chakula," alisema. "Kama kuna unachojua, kiseme. Si kwa ajili yake. Kwa ajili yangu."

"S-sijui kitu."

Aliinua ndoo yake, akaondoka. Hakunishutumu. Ingekuwa heri angenitukana.

Ijumaa nilijifungia kwenye chumba cha giza nikatoa picha za watu nisiowajua. Kila sauti ya nje nilidhani ni yeye amerudi. Nilikuwa nimeshaamua akirudi mara moja tu zaidi, nitakwenda. Hakurudi. Hata leo hujiuliza kwa nini nilingoja anibembeleze tena, wakati miguu ilikuwa yangu na njia ya mjini naijua.

Mgeni akapanda ndege na mwanafunzi mwingine.

Mzee Nzioki aliporudi kutoka matangani, Wafula akamletea filamu. Hakuwa akishuku kwamba niliitia kwa kusudi. Alitaka tu mtu mzima amwambie kama wino unaweza kuingia kwenye filamu peke yake. Nilikuwa nafagia. Mzee akaweka lenzi, akainama. Mimi nina ila moja: ninapoinua brashi huizungusha kidogo kushoto, na nukta yangu hubaki na mkia mdogo. Mzee amenikemea juu ya mkia huo tangu siku ya kwanza.

Akainua kichwa. Akaniita kwa jina langu la nyumbani, lile la Kikamba.

"Hii ni nukta yako."

Ufagio uliniponyoka. Sikukana. Wafula alisimama akinitazama, nami nikakaza misuli ningoje ngumi. Nilizitaka! Zingetuweka sawa.

Hakunipiga. Aliuliza kitu kimoja, kwa sauti ya chini.

"Si ungenipiga tu? Siku ile ukumbini. Si ungenipiga ngumi ya mdomo mbele ya wote, yaishe?"

Nikafungua mdomo. "Ni... ni... ni..." Alingoja, lakini si kwa kunisaidia. Nilipokuwa bado nahangaika na neno, alichukua filamu yake akatoka.

Mzee Nzioki alininyang'anya brashi siku hiyo hiyo. "Mkono niliweza kukufundisha," alisema, "lakini moyo siwezi."

Mwalimu alipoelezwa, alisikitika, akaandika ng'ambo kumsafisha Wafula. Jibu lilichukua muda mrefu. Lilisema wanamwamini, na kwamba nafasi ilikwishachukuliwa. Lilisema pia kwamba waliielekeza ile darubini ya joto mahali pale, na kitu kipo. Kipo! Ni galaksi na kwasa ndani yake, imejifunika vumbi, mbali kuliko zote zilizokuwa kwenye karatasi ya Wafula. Imepewa namba. Walioandikwa kuwa wameiona ni watu wengine.

Chuo kilipofunguliwa Wafula alirudi kwa muda, kisha akaacha. Alisema kila akisimama kuongea darasani anaona wanatafuta wino. Sasa anafanya kazi kiwandani, kule kule alikokuwa baba yake. Nami nabeba mbao kwenye karakana ya baba yangu, Pumwani. Napiga msasa tu. Kuchonga macho ya twiga hawaniruhusu, baba alisikia.

Mtaniuliza kama ule uchungu umeisha. Haujaisha! Kuna usiku nawakumbuka wote waliocheka ukumbini, safu kwa safu, na mkono unawasha kutaka brashi. Nawaambia ukweli kwa sababu nimechoka kuficha. Kisasi hakikunishibisha. Kilinionjesha tu, kikaniacha na njaa ile ile, na mtu wa kumlipiza hayupo tena.

Wiki iliyopita mama alinituma dukani. Jioni, foleni ndefu. Zamu yangu ikafika, nikasimama mbele ya wavu na chupa mkononi.

"M-m-ma... ma..."

"Sema basi, kijana, watu wanangoja," mwenye duka akasema.

Nikasikia mtu nyuma yangu akikohoa. Kikohozi hicho nakijua tangu utotoni. Nikageuka. Wafula, na ovaroli ya kiwanda. Alikuwa anaitazama ile chupa. Alijua ninachotaka, na alijua mama anataka na chumvi.

Sikumlaumu. Nilimtazama tu, nikangoja, kama mjinga. Mtoto mmoja alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha duka, mmoja wa wale waliozoea kuniita Kwasa. Hata yeye alinyamaza. Mtaani siku hizi hakuna anayeniita jina hilo tena. Hakuna anayeniita jina lolote.

Wafula akageuza uso, akatazama barabara.

Nikaondoka na chupa tupu.

Wewe unayesoma haya na una mtu umemwekea siku yake, nisikilize mimi niliyefikisha yangu. Kama amekuudhi, mwambie. Ulimi ukigoma, mwandikie. Hata hilo likigoma, mpige ngumi, mtapatana. Lakini kazi ya mikono yake usiiguse! Na ukiona mahali patupu humo, paache patupu hivyo hivyo. Hujui ni nani anaishi humo gizani.

Nawe unayechekesha watu kwa ulimi wa mwenzako, usidhani nimekusahau. Huyo unayemcheka naye ana mikono.